Habari za Kukaushwa kwa Blanketi la Kijani

Tueni mabeseni yenu, enyi mnaofua na mnaoanika. Simameni hapo mlipo, enyi mnaonusa shati kabla ya kulivaa mkajidanganya kwamba litakaukia mwilini. Nanyi watu wa bondeni, mnaowakiwa na jua bure tangu asubuhi mkalikimbia kivulini, njoni msikie thamani ya kitu mnachokikinga kwa mwavuli. Hii ni habari ya vita. Damu iliyomwagika ni tone moja tu, la kidole gumba, kwa kosa la kibanio kibovu. Lakini wapo wanawake wazima, wenye akili zao na wajukuu wao, wanaoapa kwamba tangu lami ifike mjini hapo halijatokea jambo kubwa kuliko hili.

Mji wenyewe umekaa begani mwa mlima kama mtoto begani mwa baba yake. Una mtaa mmoja wa maduka, kiwanda cha chai juu yake, mashamba ya chai pande zote mpaka macho yachoke na kijani, na barabara moja inayojipinda kilimani kama mlevi anayetafuta mlango wake. Juu ya yote hayo anatawala Ukungu. Sultani huyo hana taji, hana askari, wala hana haya. Hapigi hodi. Huingia dirishani, hulala kwenye mito ya watu, huionja chumvi mpaka ikawa uji. Na msimu wa baridi ukifika huketi mjini wiki baada ya wiki, nguo zikakaa kambani mpaka zikasahau miili ya wenyewe.

Nyuma ya maduka kuna safu za nyumba za mabati zinazotazamana, na katikati yake ua mmoja wa wote, wenye kamba za kuanikia zilizopishana juu kama nyaya za simu. Zamani ua huo ulikuwa na jemadari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na watu walimwita Bi Sufuria. Kila asubuhi aliketi mlangoni pake juu ya kigoda, akimenya viazi. Ukungu umefunga, mtu haoni jirani, haoni kamba, haoni hata kuku anayemkanyaga mguu. Mara Bi Sufuria huinua kichwa, hutazama kule kwenye weupe mtupu, huweka kisu chini, akachukua sufuria yake iliyobonyea ubavuni na upawa wa chuma: nga! nga! nga! Na ua mzima ukamwagika nje na mabeseni. Kabla shuka la mwisho halijabanwa, jua limefika.

Alijuaje? Walimuuliza.

"Nyie anikeni," alijibu. "Maswali mtaniletea jioni."

Jioni ilipofika kila mtu alikuwa akikunja nguo kavu, nani akumbuke swali? Basi mwaka uliopita, baridi ilipokuwa ndiyo inaanza, homa ikamlaza Bi Sufuria, nayo haikumwamsha. Akaondoka na jibu lake. Sufuria ikatundikwa msumarini, na tangu siku hiyo watu wa ua ule wamenuka kama ghala.

Sasa mjueni shujaa. Ni mume wa marehemu, na jina lake mjini ni Dereva tu, kana kwamba wengine wote wanaoshika usukani wanacheza. Dereva, simba wa kona! Dereva, mla vumbi, mnywa matope, aliyekusanya majani mabichi ya chai vilimani kila alfajiri na kuyaleta kiwandani kwa lori, tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka mwaka huu kiwanda kilipompa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike! Honi yake iliwahi kumfanya punda abadili mawazo. Lakini shujaa huyo, aliyeujua ukungu wa barabarani kama kiganja chake, hakuwahi kuanika hata soksi. Ukungu wa barabarani aliupiga taa na honi. Ukungu wa uani alimwachia mkewe.

Ikawa Ijumaa asubuhi simu ikalia. Ni binti yake, mtoto wake wa pekee, kutoka hospitali ya bondeni, alikokuwa amejifungua mtoto wa kike.

"Baba, wameniruhusu. Kesho mchana tunapanda huko."

"Karibuni, mama. Karibuni sana. Mjukuu wangu ananyonya?"

"Ananyonya kama ameambiwa maziwa yanakwisha. Baba, sikiliza. Lile blanketi la Mama, la kijani. Lipo?"

Dereva akatazama sanduku lililokuwa chini ya kitanda. "Lipo."

"Nataka tukifika tu nimfunge nalo. Na mimi nilikulia humo humo. Huko kwenu baridi, na Mama hayupo wa kumpokea. Basi angalau apokelewe na blanketi lake."

"Litakuwa tayari," akasema Dereva, kwa sauti ya mtu aliyeahidi kuusogeza mlima kabla ya chai ya saa nne.

Sanduku lile alilifunga kwa mkono wake siku ya pili baada ya mazishi. Blanketi aliliweka bila kulifua, makusudi, ili harufu ya mwenyewe isitoke. Na muda wote huo hakulifungua, kwa kuogopa kuimaliza. Sasa akalifungua. Akainama, akatia uso ndani. Akakuta harufu ya panya na unyevu. Ile aliyoilinda ilikuwa imeshaondoka bila kuaga, kama mwenyewe. Dereva akaketi kitandani kidogo. Kisha akasimama, kwa sababu alishajua kwamba mtu akikaa sana kwenye kitanda kile hasimami.

Hapo ndipo vita vilipotangazwa.

Akateka maji, akamwaga sabuni bila kipimo, akakunja suruali mpaka magotini na kuingia karaini kwa miguu yote miwili. Akalikanyaga blanketi kama anayeponda maadui wa baba zake. Povu likapanda mpaka kwenye kizingiti, kuku wakahama. Lakini enyi wasikilizaji, blanketi la sufu hunywa maji kama ngamia. Liliingia karaini blanketi, likatoka ng'ombe. Alipolivuta lilimvuta, alipolibeba lilimkalia kifuani, na mwishowe wote wawili wakalala chini, mmoja akichuruzika na mwingine akihema.

Jirani wa mlango wa pili akatokeza kichwa. Huyu ni Mama Mkaa, muuza mkaa, rafiki kipenzi wa marehemu, mwanamke mwenye mabega ya seremala na ulimi wa kinyozi.

"Shemeji, unafua au unaua?"

"Nafua."

"Mbona nyote mmelala?"

Dereva akainuka, akaweka mkono kiunoni, akanena kama aliye jukwaani: "Ewe Mama Mkaa, jirani mwema, wewe uliyebeba magunia ambayo wanaume waliyasalimia tu wakapita! Leo nauomba mkono wako wa kuume. Shika ncha ile, nami nishike hii, tuyafukuze maji haya yaliyojificha humu kama adui ngomeni!"

"Si useme tu nikusaidie kukamua."

"Nisaidie kukamua."

Wakakamua. Yeye akasokota kulia, naye Mama Mkaa akasokota kushoto, na kwa kuwa upande wa Mama Mkaa ulikuwa na nguvu zaidi, shujaa wetu aliuzunguka ua mzima akiwa ameshikilia ncha yake, kwa heshima kubwa, bila kuiachia. Kisha wakalitundika barazani chini ya paa. Likadondosha maji Ijumaa yote. Sultani Ukungu akaja akalipapasa, akacheka, akaketi juu yake.

Jumamosi asubuhi Dereva akalishika. Lilikuwa limelowa kama pua ya ng'ombe.

"Lete niliweke juu ya jiko," Mama Mkaa akasema. "Mkaa ninao, si ndiyo kazi yangu."

"Linuke moshi? Mtoto atadhani amezaliwa tanurini."

"Basi lingoje jua. Na jua la mji huu unalijua, shemeji. Likija, linakuja kama mgeni aliyekosea nyumba."

Dereva akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kikifuka mvuke. Akalitazama anga kwa ukali, kama alivyozoea kutazama kona. Weupe. Akanywa funda moja. Weupe ukazidi. Akaweka kikombe chini, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta lake, akaivaa tena. Na lo! Akaiona kamba. Akamwona kuku, na unyoya mmoja mmoja wa kuku. Akauona mlango wa Mama Mkaa na misumari yake yote.

"Umekimbia!" akaunguruma. "Ukungu umekimbia!"

Akaruka, akaitungua sufuria msumarini, akashika upawa. Nga! nga! nga!

Hakuna aliyefikiri. Miguu ilitii kabla ya vichwa. Milango ikafunguka pande zote, mabeseni yakatoka, wanawake wakaruka madimbwi, mmoja ana povu mpaka viwikoni, mwingine kitenge anakishika kwa meno. Kamba zikajaa shuka, sare za shule, fulana na mapazia. Vibanio vilipokwisha ndipo mtu wa kwanza alipotazama juu.

Juu palikuwa pamba tupu.

Mshonaji, mama wa makamo aishiye mlango wa mwisho, bado ameinua mikono kwenye kamba, akasema kwa sauti ndogo: "Nilidhani ni yeye."

Tangu sufuria ile itundikwe hawakuwa wameisikia, na sasa kila mmoja alijua ni kwa nini alikimbia vile.

Mama Mkaa akamsogelea shujaa taratibu. Akamtazama usoni. Akakitazama kikombe kinachofuka.

"Shemeji. Kabla hujapiga sufuria, ulifanya nini?"

"Niliutazama ukungu kwa ukali."

"Halafu?"

"Halafu... nikafuta miwani."

"Jamani!" Mama Mkaa akapiga kofi. "Ukungu uliokimbia ni wa chai yake!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilishinda radi. Nayo radi, kana kwamba imeona wivu, ikaguna mlimani, na manyunyu yakaanza. Wanawake wakaanua mbio, wakicheka na kulaani kwa pumzi moja. Na blanketi la kijani, ambalo Dereva alikuwa amelitoa barazani kwa mikono yake mwenyewe, likayanywa upya maji yote liliyoyatema tangu jana.

"Yaani huyu aliendesha lori miaka yote ile na macho hayo hayo!" mtu akasema ndani ya nyumba, na ukuta wa mabati haufichi kitu.

Hivyo ndivyo alivyoanguka simba wa kona. Akalirudisha blanketi barazani. Akaitazama saa ya kiwanda ukutani. Mchana ulikuwa unakuja, na pamoja na mchana mtoto. Akajiachia kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa nyuma yake, na kitu hicho kilikuwa kigoda cha marehemu, ambacho hakuna aliyekikalia tangu aondoke.

Kilikuwa kifupi mno kwake. Magoti yakamfika masikioni. Akabaki hivyo hivyo, kama panzi aliyefiwa, akitazama mbele bila kutazama. Na kwa kuwa sasa macho yake yalikuwa chini pale ambapo macho yake hayakuwahi kuwa, ukingo wa paa ulimficha anga lote. Kilichobaki ni upenyo mwembamba kati ya kibanda cha mkaa na ukuta wa choo, na ndani ya upenyo ule, mbali, weupe.

Manyunyu yakakoma. Ndani ya weupe ukatokea mstari mweusi. Ukanyooka, ukapinda.

"Mama Mkaa," akaita, bila kugeuka. "Njoo uchuchumae hapa."

"Nimechuchumaa kutwa kwenye mkaa."

"Njoo tu. Unaona nini pale?"

Mama Mkaa akachuchumaa, akakunja uso. "Barabara. Si ile kona yako ya juu ya kiwanda? Ulipokuwa unapiga honi ukatuamshia watoto."

"Nilikuwa nampigia yeye. Aweke chai."

"Tunajua ulikuwa unampigia nani. Kwani yeye hapo alikuwa anakaa kufanya nini? Alikuwa anakutazamia. Ukichelewa, anamenya viazi vya ua mzima. Kona ikionekana, roho inamtulia, anainuka anapiga hiyo sufuria yake..."

Wakatazamana.

"Ndiyo hiyo," akasema Mama Mkaa.

"Ukungu huachia pale kwanza," akasema Dereva polepole, maana aliipita kona ile maisha yake yote na alikuwa akilijua hilo siku zote, ila hakuwahi kuulizwa. "Ukifunguka pale, jua linashuka huku muda si muda. Alikuwa ananitazamia mimi. Jua lilikuwa linakuja nyuma yangu."

Mama Mkaa akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akaacha alama nyeusi. "Miaka yote hiyo tumeanika nguo kwa ajili ya mapenzi ya watu," akasema. "Piga hiyo sufuria, shemeji, kabla sijalia hapa bure."

Nga! nga! nga!

Milango haikufunguka.

"Futa miwani kwanza!" sauti ikatoka ndani.

"Kunywa chai yako yote!" ikaongeza nyingine.

Ee wapiganaji waliowahi kuachwa peke yao uwanjani, mtazameni Dereva! Juu yake wingu, chini yake tope, mikononi mwake ng'ombe yule wa kijani. Akalirusha kambani, likarudi likamfunika kichwa. Akalirusha tena. Kamba ikalia, ikapinda, ikastahimili. Akabana kibanio cha kwanza. Cha pili kikavunjika na kumchoma kidole gumba, ndilo lile tone la damu mliloahidiwa. Akakinyonya kidole, akabana cha tatu. Nyuma yake akasikia beseni likiburutwa.

"Nikilowana leo mara ya pili," akasema Mama Mkaa, akianza kuanika, "utanifulia mpaka za ndani."

Mshonaji akatoka. Kisha mwingine. Kisha wote.

Jua likaja. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mtu anayejua njia ya nyumbani. Liligusa kwanza paa la kiwanda, likateremka kwenye chai, likavuka mtaa wa maduka, likaingia uani, na mabati yote yakaanza kufuka na kulia taka-taka kwa joto. Nguo zikajaa upepo. Sultani Ukungu akakusanya majoho yake na kurudi mlimani bila kuaga.

Lakini kila ufalme ulioanguka huacha jasusi. Jasusi wa Ukungu alikuwa beberu wa Mama Mkaa, mwenye ndevu za hakimu na tumbo lisilo na sheria. Akaja kimyakimya nyuma ya shuka, akaliona jambo kubwa la kijani, akasema moyoni: majani. Akang'ata pindo.

Dereva akashika upande wa pili. Beberu akavuta. Dereva akavuta. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine upande wa mtu, wengine, kwa aibu yao, upande wa beberu. Kamba ikaanza kulia kilio cha kuaga. Ndipo shujaa alipokumbuka silaha yake. Akajaza kifua, akafumba macho, akatoa kinywani mwake ile honi ya lori:

"POOOOOO!"

Beberu akabadili mawazo. Aliachia pindo, akaruka karai, na inasemekana alipatikana jioni kwenye mlango wa kiwanda, amenyooka kabisa kitabia.

Blanketi likageuzwa, likapigwa na jua mgongo na tumbo. Dereva akalipapasa kila mara kwa kiganja. "Limekauka?"

"Usipime kwa mkono," Mama Mkaa akamwambia. "Mkono unadanganyika. Yeye alikuwa anapima kwa shavu."

Dereva akavua miwani. Akalikumbatia lile blanketi likiwa bado kambani, akaliweka shavuni. Lilikuwa kavu. Lilikuwa na joto, na lilinuka sabuni na jua, basi, hakuna zaidi. Akakaa pale kuliko kupima kunavyohitaji. Mama Mkaa akageuka upande wa pili, akaanza kumgombeza kuku ambaye hakuwa na kosa lolote.

Ukungu ulipoanza kurejea, kamba zilikuwa tupu na makabati yamejaa. Wanawake hawakuingia ndani. Walisimama barazani wakijifanya wana kazi. Dereva alikuwa kwenye kigoda, magoti masikioni, blanketi limekunjwa mapajani, macho kwenye upenyo. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akija. Hakuwahi kujua jinsi kona inavyokuwa mbali kwa anayengoja.

Weupe ukaanza kuufunika ule mstari mweusi. Na kabla haujaumeza wote, taa mbili zikajitokeza, zikapinda. Na kutoka kule juu ikaja honi ndogo, ya gari dogo, nyembamba kama ya baiskeli. Binti alikuwa amemwambia dereva wake: hapa lazima upige.

Dereva akachukua sufuria. Nga! nga! nga!

"Sasa unaanika nini tena?" Mama Mkaa akauliza.

"Natoa taarifa."

Binti akashuka garini mbele ya ua akiwa amejifunika khanga mbili, amemkumbatia mtoto aliyekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwenye kikao. Hakusalimia. Alimnyooshea baba yake mtoto tu, naye akalikunjua blanketi, wakamfunga mtoto pamoja, mmoja akikunja huku, mwingine akipitisha kule. Kisha binti akaegemeza shavu lake juu ya lile fundo la kijani, bila kufundishwa na mtu.

"Limekauka, Baba," akasema kwa mshangao. "Msimu huu! Umelikaushaje?"

Ua mzima ukavuta pumzi ili umjibu kwa pamoja. Lakini Mama Mkaa akainua mkono wake mweusi, akanena kama mpiga mbiu wa enzi za kale: "Mwacheni mzazi akae kwanza. Maswali ataleta jioni."

Basi na ikumbukwe, popote nguo zinapofuliwa na jua linapokosekana, kwamba Jumamosi ile, mbele ya majirani wote na beberu mmoja, blanketi la kijani lilikauka, pindo na katikati, nyuzi zote. Mtoto akapiga chafya moja, akalala. Dereva akarudi kwenye kigoda chake na kisu kidogo, akaanza kumenya viazi, vibaya sana, maganda manene kama soli za viatu, huku jicho moja akilielekeza kwenye kona.